Je, Dhambi ya Mwalimu Huingia katika Hesabu Yake?

Katika kijiji kimoja tukijuacho palikuwa na mwalimu aliyesifiwa na watu wote kwa kufundisha hesabu. Watoto walioogopa kugawanya kama waogopavyo giza, kwake walijifunza hata wakapenda. Baadaye ikajulikana ya kuwa mwalimu yule, aliyekabidhiwa fedha za sadaka azitunze, amezila. Tena alipoulizwa alisema uongo mbele ya wazee, akataka kumtupia lawama mtu asiye na hatia. Akaondolewa katika kazi yake. Siku ya shauri lile mzee mmoja mcha Mungu alisimama, akasema: “Ndugu zangu, mwalimu mmemtoa. Na hesabu alizowatia watoto wetu vichwani, mtazitoaje? Mtungi ukiwa mchafu, maji yake hunywewa?”

Vijana walicheka. Sisi hatukucheka, wala siku ile hatukuwa na jibu. Maana neno la mzee si neno la kipuuzi. Sisi sote tumefundishwa kumpima mtu kwa matendo yake. Shahidi ajulikanaye kuwa mwongo, baraza halimsikilizi. Mganga mlevi, twaogopa kuinywa dawa yake. Basi kwa nini hesabu ya mtu mbaya ipokewe kama kwamba haikutoka kwake? Swali hili twataka kulitafakari leo pamoja nanyi, wasomaji wetu, na tulitafakari kwa kuwatazama mabingwa wa hesabu wenyewe, ambao maisha yao yamejulikana: wengine wema, wengine waovu, na wengi, kama sisi, wa katikati.

Kwanza na tuone hesabu ni kitu cha namna gani. Chukueni kokoto. Wekeni moja chini. Kisha ongezeni tatu, mzipange kuizunguka ile ya kwanza pande mbili. Mtapata mraba wa kokoto mbili kwa mbili, yaani 4. Ongezeni tano vivyo hivyo. Mtapata tatu kwa tatu, yaani 9. Ongezeni saba, ni nne kwa nne, yaani 16. Ukizijumlisha namba za witiri kwa taratibu yake tangu 1, sikuzote utapata mraba. Kwa nini sikuzote? Kwa sababu kila mstari mpya wa kuzunguka huwa mrefu kuliko uliotangulia kwa kokoto mbili, moja kila upande, wala hauwezi kuwa vinginevyo. Sasa twawauliza: neno hili mmelikubali kwa kuwa mwatuamini sisi? Sivyo. Mmelikubali kwa kuwa mmeziona kokoto. Kama tungekuwa wezi, mraba usingevunjika. Na kama tungekuwa watakatifu, usingeongezewa kokoto hata moja.

Hapo ndipo hesabu inapoachana na ushahidi wa barazani. Shahidi asema, “Mimi nilikuwapo, ninyi hamkuwapo”. Kwa hiyo hatuna budi kumpima yeye, kwa maana jambo lenyewe limekwisha kupita. Bali mwenye hesabu asema, “Njoni mtazame wenyewe.” Hakuombi umwamini, akuomba ufuate.

Sasa na tumtazame mtu mmoja. Gerolamo Cardano alizaliwa mwaka wa 1501 katika mji wa Pavia, nchi ya Italia. Alikuwa tabibu mwenye sifa kubwa, tena mcheza kamari. Katika kitabu alichokiandika uzeeni juu ya maisha yake, yeye mwenyewe alikiri ya kuwa kwa miaka mingi alicheza kila siku. Zamani zake palikuwa na fumbo lililowashinda wenye hesabu, la kutafuta namba ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake, na tena kwa nafsi yake, na kuongeza mafungu yake kadha wa kadha, hupata jumla uliyopewa. Njia ya kulifumbua iligunduliwa kwanza na Scipione del Ferro, mwalimu wa Bologna, naye akaificha. Kwa maana wataalamu wa siku hizo walishindana mbele ya watu, na mwenye siri ndiye aliyeshinda na kupata kazi. Alikufa mwaka wa 1526, akiisha kumfunulia mwanafunzi wake.

Mwaka wa 1535 mwanafunzi huyo alishindana na mtu maskini wa Brescia, jina lake Niccolò, ambaye watu walimwita Tartaglia, maana yake Kigugumizi. Sababu ya jina hilo ni hii: mwaka wa 1512, alipokuwa mtoto, askari wa Ufaransa waliuteka mji wao, na mmoja akamkata usoni kwa upanga, na tangu siku ile kusema kwake kukawa kwa taabu. Kila mmoja alimpa mwenzake maswali 30. Tartaglia aliigundua njia kwa akili yake mwenyewe, akayajibu yote. Habari zikamfikia Cardano, naye akamsihi sana amweleze. Mwaka wa 1539 Tartaglia akakubali, akamweleza. Naye alisema baadaye ya kuwa Cardano alimwapia kwa Injili takatifu kwamba hataitangaza siri hiyo kamwe.

Mwaka wa 1543 Cardano alikwenda Bologna, akaonyeshwa maandishi ya marehemu del Ferro, na ndani yake njia ile ile. Akajiambia ya kuwa siri si ya Tartaglia peke yake. Na mwaka wa 1545 akaipiga chapa katika kitabu chake kiitwacho Ars Magna. Tusimwonee: humo aliwataja del Ferro na Tartaglia kwa majina, akasema ya kuwa wao ndio walioigundua. Lakini kiapo ni kiapo, na mtu yule maskini aliyekatwa uso alijiona ameibiwa kitu cha pekee alichokuwa nacho duniani. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake mwenyewe, akamshitaki Cardano mbele ya watu wote.

Katika Ars Magna mna swali hili: ni namba gani ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake, na tena kwa nafsi yake, kisha ukaongeza mafungu sita ya namba hiyo, utapata 20? Jibu ni 2. Pimeni wenyewe: 2 mara 2 mara 2 ni 8, 6 mara 2 ni 12, jumla 20. Je, kwa kuwa Cardano alivunja kiapo, jumla itakuwa 19? La. Kiapo kilivunjika, na hesabu ikabaki nzima. Vyote viwili ni kweli, wala kimoja hakikifuti kingine.

Lakini tusikimbilie kusema ya kuwa maisha ya Cardano hayakuhusu kitu. Mtu huyo aliandika pia kitabu juu ya michezo ya bahati, kikapigwa chapa mwaka wa 1663, yeye amekwisha kufa zamani. Humo alihesabu ya kuwa dadu mbili zikitupwa zaweza kuanguka kwa namna 36, akatafuta ni mara ngapi mchezaji aweza kutazamia namna fulani kutokea. Hesabu ya namna hiyo leo hutumika na wapimao dawa mpya kama zafaa, na watabirio mvua. Nani angaliuliza swali hilo kwanza isipokuwa mtu aliyekaa usiku kucha mezani, akiziona fedha zake zikienda na kurudi? Uovu wake ulimpa swali. Jibu hakupewa na uovu. Jibu alilipata kwa kuhesabu sawasawa, nalo halinuki kamari hata kidogo.

Mfano wa pili watoka India. Srinivasa Ramanujan alizaliwa mwaka wa 1887, wa jamaa ya Kibrahmani isiyo na mali. Alipenda hesabu hata akayaacha masomo mengine, akashindwa mtihani wa chuo. Kitabu alichokitegemea ujanani kilikuwa na maelfu ya kanuni, lakini hoja zake zilikuwa chache na fupi; naye akazoea kuandika vivyo hivyo, kanuni juu ya kanuni bila kuonyesha njia. Mwanzo wa mwaka wa 1913, alipokuwa karani wa bandari ya Madras, alimpelekea barua G. H. Hardy, mwalimu wa Cambridge, Uingereza, yenye kanuni nyingi zisizokuwa na uthibitisho. Tena alikuwa akisema ya kuwa Namagiri, mungu wa kike aliyeabudiwa na jamaa yake, ndiye amleteaye mambo hayo katika ndoto. Hardy naye hakuamini kuwa Mungu yuko.

Msomaji Mkristo atauliza: je, tuzipokee namba za mtu wa namna hiyo, na kwa mkono wa mwalimu wa namna hiyo? Tazameni alivyofanya Hardy. Hakuzikataa kanuni kwa sababu ya ndoto, wala hakuzikubali kwa sababu ya ndoto. Alitaka uthibitisho. Nyingi zilionekana kuwa kweli, tena za ajabu. Lakini baadhi ya yale aliyoyasema Ramanujan juu ya namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi zake zilionekana kuwa makosa. Ndoto ilileta yaliyo kweli na yasiyo kweli kwa sauti moja. Mizani ya hoja ndiyo iliyoyatenga. Na lile ambalo ni kweli, ni kweli hata kwetu. Yasimuliwa ya kuwa Hardy alikwenda kumtazama katika ugonjwa, akamwambia ya kuwa gari lililomleta lilikuwa na namba 1729, namba isiyo na ladha. Ramanujan akamjibu ya kuwa sivyo, namba hiyo ni ya pekee. Pimeni: 10 mara 10 mara 10 ni 1000, na 9 mara 9 mara 9 ni 729, jumla 1729. Tena 12 mara 12 mara 12 ni 1728. Ongeza 1, ni 1729. Hapana namba ndogo kuliko hiyo ipatikanayo namna hii kwa njia mbili. Ramanujan alifariki mwaka wa 1920, umri wake miaka 32.

Na msidhani ya kuwa kosa huwapata wageni wa imani yetu tu. Leonhard Euler wa Uswisi, mtoto wa mchungaji, alikuwa Mkristo mwenye bidii maisha yake yote. Alipopofuka macho hakuacha kazi, bali alihesabu moyoni na kuwaambia wengine waandike. Walakini mwaka wa 1782 alikisia ya kuwa mipango ya namna fulani ya kupanga vitu safu kwa safu haiwezekani, kama vile mpango wa safu 10. Na mwaka wa 1959 mpango huo ukapatikana. Sala zake hazikuligeuza kosa kuwa kweli, wala hakuna aliyethubutu kusema ya kuwa lifichwe kwa ajili ya heshima ya imani yake.

Sasa twafika penye hatari. Alikuwako mtu aliyefundisha wazi ya kuwa hesabu na mwenye hesabu ni kitu kimoja. Jina lake ni Ludwig Bieberbach, mwalimu mkuu wa Berlin, Ujerumani. Mwaka wa 1933 Hitler aliposhika utawala, walimu Wayahudi walianza kufukuzwa katika vyuo. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika mji wa Göttingen, wanafunzi walikataa kufundishwa na Edmund Landau, bingwa aliyejulikana pote, kwa sababu alikuwa Myahudi. Wakauziba mlango wa darasa. Bieberbach aliwasifu. Alisema ya kuwa damu ya mtu huingia katika namna yake ya kuhesabu, na ya kuwa Mjerumani hapasi kujifunza hesabu ya Myahudi. Mwaka ule ule alifukuzwa Emmy Noether, mwanamke aliyezigeuza hesabu za karne hii iliyopita kuliko wengi. Akavuka bahari kwenda Marekani, akafa huko mwaka wa 1935.

Sikieni yaliyofuata. Bieberbach mwenyewe, mwaka wa 1916, alikuwa amekisia jambo zito, ya kuwa namba za aina fulani hazipiti kamwe kipimo fulani, naye aliweza kuthibitisha mwanzo wake tu. Mwaka wa 1923 hatua iliyofuata ilipigwa na Karl Löwner, aliyezaliwa Bohemia katika nyumba ya Kiyahudi, kwa njia mpya aliyoibuni mwenyewe. Löwner huyo, mwaka wa 1939, watu wa Hitler walipouteka mji wa Prague, alitiwa gerezani. Alipofunguliwa akakimbilia Marekani. Na mwaka wa 1984, Louis de Branges alipolithibitisha neno lote la Bieberbach, njia ya Löwner ilikuwa nguzo ya kazi yake. Basi fikirini: neno la mtu aliyesema hesabu ina damu lilikamilishwa kwa msaada wa mmoja wa wale ambao damu yao ilidharauliwa. Wenye hesabu hawakulitupa neno la Bieberbach kwa sababu ya uovu wake, wala hawakuikataa njia ya Löwner kwa sababu ya kabila lake. Hesabu ilimhukumu Bieberbach bila kusema neno.

Kwa hiyo, mzee wetu akiuliza kama dhambi ya mtu huingia katika hesabu yake, twajibu: haiingii. Na tena twamwonya kwa heshima: anayefungua mlango huo leo kwa ajili ya mwizi, kesho ataona umetumiwa kumfukuza mgeni, na mwanamke, na mtu wa kabila lisilopendwa. Kweli ikipimwa kwa uso wa mtu, wa kwanza kutupwa nje si mwovu, ni mnyonge.

Je, tuseme basi ya kuwa maisha ya mtu si kitu? Hasha. Tumekwisha kuona ya kuwa maisha huleta swali, kama kamari ilivyomletea Cardano. Na ya kuwa maisha huonyesha njia ya kupita, kama kile kitabu kimoja kilivyomlea Ramanujan. Liko na la tatu, nalo latuhusu sisi zaidi. Ni mambo machache tuwezayo kuyapima wenyewe. Mengi twayapokea kwa kuaminiana. Kanuni ya kuzidisha haina dhambi. Lakini kidole cha mwenye duka kikilala juu ya mizani, kanuni safi itatoa bei ya wizi. Hesabu hutuambia kinachofuata kutoka katika tulichokiweka. Haituambii kama aliyeweka aliweka kwa haki. Hapo hatuna budi kumpima mtu, na tabia ni mizani yake.

La nne ni kosa la upande wa pili, nalo twaliona kila mahali. Wako wasemao: “Mwacheni huyu, ni hodari mno, nani atafundisha kama yeye?” Hao nao wamechanganya vitu viwili, ila wamevichanganya kinyume. Mzee alitaka dhambi iifute hesabu. Hawa wataka hesabu iifute dhambi. Uhodari ni kipawa cha Mungu, naye huwapa watu vipawa kama anyeshavyo mvua, bila kuuliza kwanza shamba ni la nani. Mvua iliyonyesha shambani si cheti cha wema wa mwenye shamba. Tartaglia alistahili kutimiziwa ahadi, na kitabu kikubwa kama nini hakikuilipa.

Sasa tuwaambie jambo tuliloliacha mwanzo. Mwajua wizi wa mwalimu yule ulijulikanaje? Alikuwako kijana mmoja, karani wa wazee wa kanisa, aliyepewa daftari la sadaka alinakili. Akajumlisha safu, ikatoka jumla isiyolingana na ile iliyoandikwa chini. Akadhani amekosa yeye, akajumlisha mara ya pili kutoka chini kwenda juu, kama alivyofundishwa kufanya kila mara aonapo shaka. Jumla ikawa ile ile. Na aliyemfundisha kujumlisha kutoka chini kwenda juu alikuwa ni mwalimu yule yule.

Basi, mzee wetu, hili ndilo jibu tulilokosa siku ya shauri. Kama mngezitoa hesabu za mwalimu vichwani mwa watoto, msingejua ya kuwa ameiba. Hesabu yake haikuwa maji ya mtungi wake; ilikuwa mvua iliyopita juu ya paa lake, naye mwenyewe hakuweza kuiamuru imfunike. Aliifundisha kweli, na kweli ikarudi ikamwuliza. Mtoeni mwalimu katika kazi. Mwombeeni atubu, na akitubu, mpokeeni kama ndugu. Lakini daftari la fedha wekeni mikononi mwa mwingine. Na watoto waacheni waendelee kuhesabu.

Wahenga, kwa ukali wa siku zao za vita, walisema: Mgala muue, na haki yake mpe. Sisi tusimwue mtu. Ila ile nusu ya pili ya methali na tuishike. Mtu apewe hukumu ya matendo yake, na neno lake la kweli lipewe haki yake.